Rakursi: historia ya mlango wa uongo kwenye flashi zetu

GOMA – Neno «rakursi» lilitoka kwenye Kifaransa, lakini hapa mjini limekuwa la kwetu. Mwanafunzi wa UNIGOM analijua, mwenye sekretaria wa Birere analijua, na mama aliyepeleka flashi ili atolewe kopi ya kadi ya uchaguzi, akaambiwa «hii imeingia rakursi», analijua pia hata kama hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Ni jina la ugonjwa. Unachomeka flashi, unakuta dosie zina majina yaleyale uliyoyaacha, lakini kila moja ina mshale mdogo pembeni. Au unakuta zote zimetoweka, kimebaki kitu kimoja tu chenye jina la flashi yenyewe. Ukibofya, wakati mwingine inafunguka, wakati mwingine inakataa. Kisha mtu wa mashine anasema neno ambalo huleta hasara kubwa kuliko yote: «Tuformati tu.»

Ndugu msomaji, na wewe unayetusikiliza, leo tunasimulia historia ya ugonjwa huo: ulikotoka, kwa nini ulipata makao katika mji kama wetu, na kwa nini siku hizi unadhuru kuliko zamani. Jambo moja tulishike tangu mwanzo. Kwa kawaida rakursi haifuti karatasi zako, inazificha tu. Mara nyingi wanaozifuta ni sisi wenyewe, kwa haraka na kwa woga.

Karatasi katika mji wa kukimbia

Goma imejifunza thamani ya karatasi kwa njia ngumu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikateketeza nyumba, maduka na ofisi pamoja na kila kilichokuwa ndani ya kabati. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukawaka tena, na siku tano baadaye wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji wakaagizwa kuhama. Wengine walielekea Sake na Minova, wengine Bukavu, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Mbali na moto wa mlima kulikuwa na vita: Novemba 2012, kisha Januari 2025, na kabla ya hapo miaka mingi ya watu wa Rutshuru, Masisi na Nyiragongo kukimbilia kandokando ya mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Mugunga. Februari 2025 wengi wa hao walilazimika kuondoka tena makambini, kila mmoja na mzigo wake.

Ukikimbia unabeba mtoto, sufuria, bido ya maji, na godoro kama nguvu zipo. Karatasi zinalowa, zinachanika, zinaungua. Ndiyo maana familia nyingi zilianza kuskani kila kitu: diploma ya mkubwa, bulteni za masomo za watoto, hati ya shamba, kadi ya uchaguzi ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, atestasiyo ya kuzaliwa, picha ya marehemu. Vyote vinaingia katika kitu kisichozidi kidole, kinachofungwa kwenye pindo la kikwembe. Anayekipoteza amepoteza ushahidi kwamba alisoma, kwamba shamba ni lake, kwamba mtoto alizaliwa mahali fulani siku fulani. Kwa hiyo habari ya kirusi cha flashi, ambayo kwa tajiri ni usumbufu wa nusu siku, kwa familia iliyohama inaweza kuwa habari ya maisha.

Kitu kilichoundwa kwa wema

Rakursi haikuundwa kuwa kirusi. Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Windows 95, na ndani yake kulikuwa na aina mpya ya faili ndogo. Faili hiyo haibebi barua yako wala picha yako. Inabeba anwani ya mahali kitu kilipo. Fikiria mtoto anayekaa kwenye kizingiti cha nyumba: ukimwuliza baba yuko wapi, anakushika mkono na kukupeleka chumba cha nyuma. Kwa Kifaransa Windows iliiita «raccourci», njia ya mkato. Mwisho wa jina lake ni herufi .lnk, na alama yake ni mshale mdogo uliopinda kwenye kona ya picha.

Mtoto huyo wa kizingiti alipewa tabia tatu. Ya kwanza, anaweza kutumwa popote: badala ya kufungua dosie yako, anaweza kuamrisha kompyuta iwashe programu yoyote. Ya pili, anaweza kuvaa nguo yoyote: rakursi inaweza kubeba picha ya dosie ya njano, ya faili ya PDF, hata ya flashi. Ya tatu, jina lake la mwisho halionekani: hata ukiiomba Windows ikuonyeshe miisho ya majina ya faili zote, ile ya .lnk inaendelea kufichwa. Mambo haya matatu yaliwekwa ili kumrahisishia mtu kazi. Baadaye ndiyo yaliyomfaa mwizi.

Kutoka disketi hadi flashi

Virusi vilijua kusafiri mkononi mwa watu kabla ya intaneti kuenea. Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta huko Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyokuja kuitwa Brain. Walisema walitaka kuwabana wanaonakili kazi yao bila ruhusa, na ndani yake waliweka majina yao, anwani na namba ya simu. Brain ilipita disketi kwa disketi, mkono kwa mkono, hadi Marekani na Ulaya. Inahesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya PC kuenea duniani.

Disketi ilibeba megabaiti 1.44. Mwishoni mwa mwaka 2000 flashi za kwanza ziliingia sokoni, na ile iliyouzwa na IBM ilibeba megabaiti 8. Ukubwa ukapanda, bei ikashuka, na baada ya miaka michache kila mtu akawa nayo. Windows ya siku zile ilikuwa na desturi iliyotoka kwenye CD: ukichomeka kitu, inasoma faili iitwayo autorun.inf na kufanya inachoambiwa, bila kukuuliza. Ni kama nyumba ambayo mlango unajifungua wenyewe kwa kila anayebisha.

Mwaka 2008 ulionyesha gharama ya desturi hiyo. Kirusi cha Conficker kilitokea Novemba, na mwezi uliofuata kikajifunza kupanda flashi. Kiliingia katika mamilioni ya kompyuta duniani. Mwaka huohuo flashi moja yenye kirusi iliingizwa kwenye kompyuta ya jeshi la Marekani katika kituo chake Mashariki ya Kati, na kirusi kikasambaa hadi kwenye mitandao ya siri. Novemba 2008 wizara ya ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku flashi, na marufuku hayo yalilegezwa mwaka 2010 tu. Tunalikumbusha hili kwa sababu watu wetu husema virusi vya flashi ni shida ya maskini wasio na mashine nzuri. Jeshi lenye fedha kuliko yote duniani liliangushwa na kitu kilekile kinachouzwa barabarani.

Mwaka 2010: rakursi yaingia vitani

Juni 2010 kampuni ndogo ya antivirusi ya Belarus, VirusBlokAda, ilikuta kirusi cha ajabu kwenye kompyuta za Iran. Dunia ilikuja kukiita Stuxnet. Kilikuwa kimeelekezwa kwenye mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, mitambo isiyounganishwa na intaneti. Njia moja ya kukifikisha mahali kama hapo ni flashi, na ndani ya flashi mlikuwa na rakursi.

Ubaya wake ulikuwa huu: hukuhitaji kubofya. Windows ilikuwa na kasoro katika namna ya kuchora picha ya rakursi, na ilitosha mtu afungue flashi kuona kilichomo ili kirusi kiingie. Macho tu. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 2 Agosti 2010, nje ya ratiba yake ya kawaida. Hata hivyo kiraka hakikuziba tundu lote, na Machi 2015 ililazimu kutoa kingine. Wataalam walikadiria kwamba Stuxnet iliharibu mashine zipatazo 1,000 huko Natanz.

Iran ni mbali na Goma, lakini somo lilikuwa la watu kama sisi. Kompyuta isiyo na intaneti haiko salama kwa sababu tu haina intaneti. Kinachoiingilia ni kile tunachokichomeka wenyewe.

Mlango wa uongo

Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ilikuwa imekwisha kuacha ile desturi ya flashi kujiwasha. Februari 2011 Microsoft ikaifunga pia kwa Windows XP na Vista, na virusi vya autorun vikapungua sana. Lakini wezi hawakwenda kulala. Mlango haukujifungua tena wenyewe, basi ikabidi watafute mtu wa kuufungua. Mtu huyo ni mwenye flashi.

Hapo ndipo ilipokomaa rakursi tunayoijua sisi. Kazi yake ina hatua nne. Kwanza, kirusi kilichoko kwenye kompyuta kinasubiri flashi ichomekwe. Pili, kinazipa faili zako alama ya «imefichwa» na alama ya «mali ya mfumo», au kinazisukuma zote ndani ya dosie moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, ili jicho lisiikute. Tatu, mahali palipokuwa na dosie zako kinaweka rakursi zenye majina yaleyale na picha ileile ya njano. Nne, ukibofya, rakursi inawasha kirusi kwanza, kisha inakufungulia dosie yako ya kweli. Unaona barua yako, unachapa, unalipa, unakwenda nyumbani. Hujui kwamba kompyuta hiyo imeambukizwa, na kwamba kila flashi itakayofuata siku hiyo itaondoka na ugonjwa.

Kwa hiyo kirusi hiki hakivunji dirisha. Kinauficha mlango wako, kinaweka wa uongo wenye rangi ileile, na kusubiri mkono wako.

Sasa tazama maisha yetu ya miaka hiyo. Kompyuta nyumbani ni chache, kwa hiyo tunakutana wote kwenye mashine moja ya sekretaria. Mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo, mchungaji analeta ratiba ya ibada, kijana analeta nyimbo na filamu, mama analeta fomu ya shirika la msaada, na flashi zote zinaingia tundu lilelile. Windows ni ya zamani, mara nyingine ya kunakiliwa. Antivirusi ipo kwa jina, lakini ili ijue virusi vipya inadai megabaiti, na megabaiti zinadai franga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna anayekumbuka kuskani.

Ongeza na intaneti yenyewe. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na ujumbe wa simu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena kwa karibu siku 20. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika pamoja. Kila mara kinachobaki cha kupeleka barua, picha au kazi ya masomo ni flashi, kutoka mfuko hadi mfuko. Barabara tuliyoitegemea tulipokosa nyingine ndiyo barabara ya rakursi.

Kirusi kilichozikwa kikafufuka

Moja ya familia kubwa za virusi vilivyotumia rakursi iliitwa Andromeda, wengine wakaiita Gamarue. Tarehe 29 Novemba 2017 polisi wa Ujerumani, FBI ya Marekani, Europol na wenzao walifunga mitambo iliyokuwa ikiiongoza. Katika saa 48 tu walihesabu anwani za mtandao zipatazo milioni 2 za kompyuta zilizoambukizwa, katika nchi na maeneo 223. Mtuhumiwa mmoja alikamatwa Belarus. Ilionekana kwamba hadithi imekwisha.

Haikwisha. Kuzima kichwa cha kirusi hakuondoi mwili wake kwenye flashi zilizoko mifukoni. Desemba 2021, nchini Ukraina, mtu wa shirika moja alichomeka flashi iliyokuwa na Andromeda ya zamani na kubofya rakursi iliyojifanya dosie. Mwezi uliofuata, watu wasiojulikana walinunua upya moja ya majina ya mtandao ambayo kirusi hicho kilikuwa kikiyapigia simu zamani, jina ambalo muda wake wa kulipiwa ulikuwa umepita. Kampuni ya usalama ya Mandiant ilipoeleza kisa hicho Januari 2023, ilikihusisha na Turla, kundi la ujasusi la Urusi. Majasusi hawakuhitaji kuunda kirusi kipya. Walirithi nyumba ya mwizi aliyekamatwa, pamoja na funguo zake.

Kisa cha pili kiko karibu nasi zaidi. Septemba 2023 Mandiant ilieleza kampeni ya kundi linalohusishwa na China, lililotumia flashi kueneza kirusi kiitwacho Sogu, ambacho ni jamaa wa kile cha zamani kiitwacho PlugX. Mashirika yasiyopungua 29 yalikuwa yameingiliwa, na maambukizo mengi yalianzia kwenye matawi yao ya Afrika: Misri, Zimbabwe, Tanzania, Kenya, Ghana, Madagaska. Wachunguzi walifuata nyayo hadi kwenye kompyuta za pamoja, zile za kuchapia karatasi na za intaneti ya kulipia, zikiwemo za Harare. Ni sekretaria kama za kwetu. Mtumishi wa shirika kubwa anapita pale kuchapa ukurasa mmoja, anarudi ofisini na flashi ileile, na kilichokuwa kwenye mashine ya mtaani kinaingia kwenye mtandao wa shirika.

PlugX ina tabia nyingine ya kuogopesha. Mwanzoni mwa 2023 wachunguzi wa kampuni ya Palo Alto Networks walieleza aina yake inayonakili faili zote za PDF na za Word kutoka kwenye kompyuta na kuzificha ndani ya flashi, mahali ambapo Windows haionyeshi. Hata kompyuta isiyo na intaneti inaibiwa hivyo: karatasi zinatoka mfukoni mwa mtu asiyejua anabeba nini. Mwaka huohuo kampuni ya Kifaransa Sekoia ilishika anwani moja iliyokuwa ikiongoza kirusi hicho, kwa gharama ya dola 7. Kwa miezi sita ikapokea simu kutoka kwa anwani za mtandao milioni 2.5, katika nchi zaidi ya 170. Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba imekifuta kwenye kompyuta zake zipatazo 4,258.

Rakursi imeacha pia kutegemea flashi peke yake. Tangu 2022, Microsoft ilipoanza kuzuia amri zilizofichwa ndani ya Word na Excel zinazotoka kwenye intaneti, wengi walihamia kutuma .lnk kwa barua pepe, ikiwa imefungwa ndani ya faili ya ZIP na kuvaa nguo za PDF. Machi 2025 kampuni ya Trend Micro ilieleza kwamba imekuta karibu rakursi 1,000 za aina moja ya ujanja, ambapo amri inasukumwa nyuma ya nafasi tupu nyingi ili anayechungulia asiione. Makundi 11 yanayosaidiwa na serikali yalikuwa yakiutumia tangu 2017.

Kwa hiyo kilichobadilika kati ya 2010 na leo ni anayefaidika. Zamani rakursi ya sekretaria ilikuwa usumbufu. Leo inaweza kuwa mkono wa anayetaka kujua nani yuko wapi na amesema nini. Katika jimbo hili mashirika, makanisa na kamati za wahami huandika orodha: majina ya wenye jetoni, majina ya watoto wasio na wazazi, maneno ya walioteswa. Orodha ya namna hiyo ikitoka, haiwezi kurudishwa. Anayeishika asiichomeke kwenye mashine ya mtaani hata kwa dakika moja.

Historia hii inatufundisha kufanya nini

Kwanza: usikubali kuformati kabla ya kutazama. Kuna kipimo rahisi ambacho hata asiyejua kompyuta anaweza kukiomba. Mwambie mtu wa mashine abofye flashi kwa kitufe cha kulia, afungue «Propriétés», asome nafasi iliyotumika. Kama flashi ya giga 8 inaonyesha giga 3 zimetumika, huku machoni mnaona rakursi chache tu, karatasi zako ziko ndani. Usiruhusu zifutwe.

Pili: zitoe kwenye maficho. Kwenye Windows 10 na zinazofanana nayo, katika «Affichage» kuna «Éléments masqués». Ukiweka alama hapo, faili zilizofichwa zinaanza kuonekana. Zile zilizopewa alama ya mfumo hazitaonekana bado. Kwa hizo fundi afungue dirisha jeusi la amri, aandike hivi, akiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Unayetusikiliza tu, sema maneno haya mbele ya mashine: «Nionyeshe kwanza faili zilizofichwa.» Anayejua kazi ataelewa. Asiyeelewa, chukua flashi yako uende kwa mwingine.

Tatu: simu inaweza kukusaidia. Rakursi ya Windows haifanyi kazi kwenye simu ya Android. Ukiwa na kile kichwa kidogo cha OTG kinachounganisha flashi na simu, mara nyingi utaziona karatasi zako zote palepale, kwa sababu Android haifuati ile alama ya kuficha. Ukikuta dosie isiyo na jina, ifungue, huenda zimo humo. Nakili picha na PDF zako kwenye simu. Faili zinazoishia na .lnk, .vbs, .js au .exe ziache. Karatasi zikishapata mahali salama na umezifungua ukaona kweli ni zako, hapo flashi inaweza kuformatiwa.

Nne: kusafisha flashi bila kusafisha kompyuta ni kuteka maji na bido iliyotoboka. Ukiichomeka tena mashine ileile, ugonjwa unarudi kwa sekunde. Ndugu zetu wenye sekretaria, Windows 10 ina antivirusi yake ndani bila malipo. Megabaiti za kuihuisha mara moja kwa juma, na skani nzima jioni umeme ukiwapo, ni gharama ndogo kuliko kupoteza imani ya wateja. Msaada wa Microsoft kwa Windows XP ulikwisha Aprili 2014, na wa Windows 10 Oktoba 2025. Mashine ya zamani inaweza kuendelea kuchapa, lakini isipewe flashi za watu bila kinga.

Tano, na hili ndilo tungependa kila familia ilishike: ziwe flashi mbili. Moja ni ya kutunza, ina karatasi zote za familia, na haiingii kwenye mashine ya mtaani. Nyingine ni ya kuchapa, ina ukurasa ule tu unaohitaji siku hiyo. Ikipata rakursi, unapoteza ukurasa mmoja ambao asili yake iko nyumbani. Asiye na fedha za flashi mbili aweke karatasi za kutunza kwenye kadi ya simu, na flashi iwe ya kuchapa. Mwenye kadi ya SD yenye kitufe cha kufunga pembeni akifunge kabla ya kuichomeka, maana hapo kwa kawaida mashine inaweza kusoma lakini isiandike kitu.

Sita: kopi isikae na mtu mmoja. Mnapokimbia mnaweza kuachana njiani. Kopi moja iwe kwa mama, moja kwa baba au mtoto mkubwa, na kama yuko ndugu wa kuaminika Bukavu, Beni, Kampala au ng'ambo, naye apokee yake siku intaneti inapokuwepo.

Kuna familia Goma leo zenye flashi iliyotupwa chini ya sanduku kwa sababu mtu alisema imekufa. Kama haijaformatiwa, itoeni, muitazame kwa hatua tulizozitaja. Huenda diploma bado imo.